Kabla ya Kushika Jembe, Yatazame Maji: Namna ya Kupanga Matuta ya Bustani ya Nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila msimu wa mvua unapokaribia, kaya nyingi za mijini na vijijini huandaa bustani ndogo za mboga karibu na nyumba. Mchicha, sukuma wiki, matembele, nyanya, bamia na vitunguu hupandwa katika eneo ambalo mara nyingi halizidi ukubwa wa vyumba viwili vya kulala. Mavuno ya eneo hilo dogo si ya kubezwa. Kaya inayochuma mboga nyumbani huokoa fedha ambayo ingetumika sokoni, na watoto hupata mboga za majani hata siku ambazo mzazi hana kitu mfukoni.

Hata hivyo, bustani nyingi huharibika ndani ya wiki chache za mwanzo. Katika baadhi ya maeneo miche hunyauka siku ya pili tu baada ya kumwagiliwa. Kwingine mizizi huoza baada ya mvua kubwa, na kwingine udongo, samadi na mbegu husombwa pamoja hadi kwenye mtaro wa barabara. Wadudu na mbegu duni hulaumiwa, na wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi hali zote tatu hutokana na chanzo kimoja, nacho ni matuta yaliyojengwa bila kuzingatia maji yanatoka wapi, yanaelekea wapi na hukaa kwa muda gani.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga, kupima na kujenga matuta ya bustani ya nyumbani kwa kuanzia na maji, ili mwananchi achague aina ya tuta inayofaa kiwanja chake badala ya kuiga tuta la jirani au picha aliyotumiwa kwenye simu.

Kazi ya tuta na gharama yake

Tuta la mboga hufanya kazi nne. Kwanza, huwezesha maji ya ziada kutoka kwenye eneo la mizizi, kwa kuwa mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Pili, hutoa udongo uliolainishwa kwa kina, ambamo karoti hunyooka na mzizi wa nyanya hushuka bila kizuizi. Tatu, hutenganisha mahali pa kukanyaga na mahali pa kupanda. Nne, huwezesha samadi na maji ya kumwagilia kuelekezwa penye mimea pekee, badala ya kutawanywa katika eneo zima.

Pamoja na faida hizo, tuta lililoinuliwa lina gharama yake. Pande zake hupigwa na jua na upepo, hivyo hukauka mapema kuliko ardhi tambarare. Palipo na mvua nyingi, hali hiyo ni msaada. Palipo na ukame, huongeza hasara.

Mfano wa Dar es Salaam na Dodoma unaonesha tofauti hiyo kwa uwazi. Dar es Salaam hupata kwa wastani zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na katika masika maji husimama kwenye viwanja vingi vya mabondeni. Dodoma hupata chini ya milimita 600, na zote hunyesha katika msimu mmoja unaofuatwa na miezi mingi ya kiangazi na upepo. Tuta lenye kimo cha sentimita 30 linaloiokoa mboga ya bondeni Dar es Salaam laweza kuikausha mboga hiyohiyo mjini Dodoma. Jembe ni lilelile, mbegu ni ileile na bidii ni ileile, ila maji ndiyo yanayotofautiana.

Mambo matatu ya kupima kabla ya kuchimba

Jambo la kwanza ni mwenendo wa maji. Mvua inaponyesha, mwenye kiwanja atoke nje akaangalie. Maji huingilia upande gani? Husimama wapi, na kwa saa ngapi? Maji ya paa huangukia wapi? Swali hili la mwisho husahaulika mara nyingi. Milimita 1 ya mvua kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Paa la bati lenye eneo la mita za mraba 40, mvua ikinyesha milimita 20, humwaga takribani lita 800, yaani ndoo 40 za lita 20. Maji hayo yakielekezwa kwenye pipa au kwenye mfereji wa bustani ni akiba. Yakiachwa yaangukie kwenye tuta la mchicha, hayatabakiza hata mche mmoja.

Jambo la pili ni uwezo wa udongo kupitisha maji. Chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 30, lijaze maji, uyaache yanywewe, kisha ulijaze mara ya pili. Ikiwa maji ya mara ya pili yatatoweka ndani ya dakika chache, udongo ni wa kichanga, nao hauhifadhi maji wala rutuba. Yakitoweka baada ya saa chache, udongo unafaa. Ikiwa kesho yake maji bado yamo shimoni, udongo ni mfinyanzi mzito au maji ya ardhini yako karibu, na hapo mboga haitastawi bila kuinuliwa.

Jambo la tatu ni mteremko. Kiwanja kinachoonekana tambarare kwa macho mara nyingi kina mteremko. Kipimo rahisi ni fremu yenye umbo la herufi A, ambayo hutengenezwa kwa miti mitatu. Miti miwili yenye urefu wa takribani mita 2 hufungwa pamoja juu ili iwe miguu, na mti wa tatu hufungwa katikati kuwa upau wa kuunganisha. Kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka juu hadi chini ya upau huo.

Fremu hiyo husahihishwa kwanza. Isimamishe juu ya vigingi viwili, uweke alama mahali kamba inapokata upau, kisha uigeuze ili kila mguu ukae mahali pa mwenzake na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo, kila kamba inapotulia kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili imesimama kwenye kimo kimoja. Ukiisogeza fremu hatua kwa hatua na kupigilia kigingi kila mguu unapokanyaga, utapata mstari unaokata mteremko bila kupanda wala kushuka. Huo ndio mstari wa kontua, na ndio unaoelekeza matuta.

Aina tatu za matuta

Baada ya vipimo hivyo, uchaguzi huwa mwepesi.

Tuta la kuinuka hufaa palipo na mvua nyingi, udongo mfinyanzi au maji yanayosimama. Kimo chake cha kawaida ni sentimita 15 hadi 20, na mahali penye majimaji huweza kufika sentimita 30. Ndilo linalotumika pia katika vinyungu vya Nyanda za Juu Kusini, ambako wakulima hulima mabondeni wakati wa kiangazi, kwa kuinua udongo juu ya unyevu uliobaki baada ya mvua.

Tuta la kuzama hufaa palipo na ukame, udongo wa kichanga au maji ya kununua kwa ndoo. Hapa uso wa kupandia huwa chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 5 hadi 10, na kingo zake huinuliwa kidogo ili kila tone libaki ndani. Maji ya kumwagilia hayatiririki nje, upepo hupita juu ya kingo, na unyevu hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Aina ya tatu ni tuta la mstari, ambalo ni refu na jembamba na lenye mgongo. Hutumika kwa viazi vitamu, viazi mviringo na mazao mengine ya mizizi. Mifereji iliyo kati ya matuta haya huweza kuzibwa kwa vituta vidogo vya kukata kila baada ya mita 1 au 2, ili maji ya mvua yanywewe palepale badala ya kukimbia. Njia hiyo inafaa maeneo makavu. Katika maeneo ya mvua nyingi, mifereji iachwe wazi.

Uchaguzi huu si wa kudumu. Mikoa ya pwani na ya kaskazini mashariki huwa na vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Bustani moja katika mikoa hiyo huweza kuwa na matuta ya kuinuka wakati wa masika na kubadilishwa kuwa ya kuzama kiangazi kinapoanza. Mikoa ya kati na ya kusini yenye msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, huhitaji kupanga mapema zaidi, kwa kuwa kosa la mwanzo wa msimu halina msimu wa pili wa kulisahihisha.

Namna ya kujenga

Chukua mfano wa eneo lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 5 na nusu. Eneo hilo hutoshea matuta manne yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, pamoja na njia tatu za sentimita 50. Upana wa mita 1 una sababu yake: mtu mzima aliyechuchumaa pembeni huufikia mche wa katikati bila kukanyaga tuta. Bustani ikihudumiwa na watoto au wazee, upana wa sentimita 80 unafaa zaidi.

Kwanza, safisha eneo na upigilie vigingi kwenye pembe za kila tuta, kisha ufunge kamba. Kamba ndiyo inayonyoosha kazi, kwa kuwa jicho hudanganya. Palipo na mteremko, kamba ifuate mstari wa kontua na matuta yalale kukingama mteremko. Palipo tambarare kabisa, mistari ielekezwe kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande zote mbili.

Pili, chimba udongo wa juu wenye rangi nyeusi zaidi, kina cha takribani sentimita 20, na uuweke kando. Usichanganywe na udongo wa chini. Huo wa juu ndio wenye rutuba, na kuufukia chini ni sawa na kuficha chakula cha mimea mahali isipoweza kukifikia mapema.

Tatu, lainisha udongo wa chini kwa jembe au uma wa bustani bila kuutoa. Kwa tuta la kuzama, udongo wa chini unaotolewa ndio utumike kujenga kingo.

Nne, changanya udongo wa juu na samadi au mboji iliyooza vizuri, takribani debe moja kwa kila mita ya mraba, kisha uurudishe. Samadi ambayo bado ina joto au harufu kali huunguza mizizi na huleta magugu.

Tano, kwa tuta la kuinuka, chota udongo wa juu kutoka kwenye njia na uuongeze juu ya tuta. Kwa namna hiyo njia hugeuka mfereji wa kutolea maji. Mfereji uwe na mteremko mdogo, usiozidi sentimita 1 kwa kila mita 2, ili maji yatembee bila kuchimba ardhi.

Sita, sawazisha uso. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kufanya tuta la mboga za majani liwe na mgongo kama kaburi. Maji hutiririka pembeni na katikati hubaki kukavu. Uso wa tuta pana uwe tambarare, na kingo ziwe juu kidogo kuliko katikati. Pande ziwe na mlalo, kwani ukuta wa udongo uliosimama wima hubomoka kwa mvua ya kwanza.

Mwisho, mwagilia na uache udongo utulie kwa takribani wiki moja kabla ya kupanda. Tuta jipya hushuka kimo. Mbegu ndogo zikisiwa siku ileile, nyingine huzama kupita kiasi na nyingine hubaki wazi.

Nafasi kati ya mistari

Tuta zuri huweza kuharibiwa na upandaji wa kubanana. Mchicha na mboga nyingine za majani mafupi husiwa katika mistari iliyoachana sentimita 20 hadi 30, kisha hupunguzwa, na miche inayong'olewa huwa mboga ya kwanza ya kaya. Karoti huwekwa katika mistari ya nafasi hiyohiyo na kupunguzwa hadi mche mmoja kila sentimita 5. Vitunguu huhitaji sentimita 15 hadi 20 kati ya mistari na sentimita 8 hadi 10 kati ya miche. Bamia huhitaji sentimita 60 kwa 30, sukuma wiki sentimita 60 kwa 45, nyanya sentimita 75 kwa 50. Nyanya chungu na biringanya huhitaji sentimita 75 kwa 60. Viazi vitamu hupandwa kwenye matuta yaliyoachana sentimita 75 hadi 100, shina moja kila sentimita 30.

Kwenye tuta la mita 1 kwa mita 5, sukuma wiki hupandwa mistari miwili, kila mmoja ukiwa sentimita 20 kutoka ukingoni. Ukianzia sentimita 25 kutoka mwanzo wa tuta na kuacha sentimita 45 kati ya mche na mche, kila mstari hupata miche 11, na tuta zima miche 22. Miche ya mstari wa pili ikipandwa kukabiliana na nafasi zilizo wazi za mstari wa kwanza, kila mmea hupata mwanga na hewa zaidi. Mazao marefu kama bamia yasiwekwe mahali yatakapoyafunika mafupi kwa kivuli kutwa nzima.

Kupandishia udongo

Baadhi ya mazao huhitaji udongo kuongezwa kwenye shina yakiwa yanaendelea kukua. Viazi mviringo hupandishiwa udongo vinapofikia kimo cha sentimita 15 hadi 20, na kazi hiyo hurudiwa wiki chache baadaye. Hili si suala la wingi wa mavuno tu. Kiazi kinachopigwa na jua hugeuka kijani na kujenga sumu iitwayo solanini, na kiazi cha namna hiyo hakifai kuliwa. Vichwa vya karoti vilivyochomoza juu ya udongo vifunikwe pia ili visigeuke kijani na kuwa vichungu. Nyanya hunufaika kwa kupandishiwa udongo, kwa kuwa shina lake huota mizizi mipya.

Si kila zao linataka huduma hiyo. Kitunguu maji hupaswa kukua kikiwa karibu na uso wa udongo, na ukikifukia shingo huchelewa kukauka na huoza ghalani. Mchicha, sukuma wiki na kabichi zisifukiwe majani yake ya kati.

Mteremko na funzo la historia

Wananchi wanaoishi kwenye miinuko wana sababu ya ziada ya kuzingatia matuta, kwa kuwa udongo unaosombwa leo haurudi. Historia ya nchi yetu ina mifano miwili inayofaa kukumbukwa.

Katika Milima ya Uluguru, Morogoro, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, na katika maeneo mengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, hivyo uchimbaji ulileta juu udongo wa chini usio na rutuba. Mkulima alitoa jasho zaidi akavuna kidogo. Upinzani uliongezeka hadi kuzuka machafuko mwaka 1955, na mpango huo ukaachwa. Nia ya kuhifadhi udongo ilikuwa na msingi, lakini aina ya tuta haikulingana na ardhi wala na watu waliotakiwa kulijenga.

Mfano wa pili unatoka kwa Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma. Wao wenyewe, kwa vizazi vingi, wameendeleza kilimo cha ngoro kwenye miteremko mikali. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwenye mistari inayokatana, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya mistari hiyo. Matokeo yake ni mtandao wa matuta unaozunguka mashimo. Maji ya mvua huingia mashimoni na kutulia, udongo uliosombwa hunaswa humohumo, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea ya mahindi na maharage.

Mwenye bustani ya mlimani aweza kutumia kanuni hiyo kwa kiwango kidogo. Matuta yakate mteremko, nyasi na mabaki ya mimea yafukiwe ndani ya tuta badala ya kuchomwa, na udongo wa juu ubaki juu. Kingo za chini za matuta zipandwe majani yenye mizizi mingi, kama matete au mchaichai, ili zishike udongo.

Afya, majirani na sheria

Mfereji wa bustani usigeuke bwawa. Mbu wanaoeneza malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na maji yanayokaa wiki moja au zaidi huwapa mbu muda wa kutosha kukua. Maji yakisimama kwa siku kadhaa baada ya mvua kukoma, mfereji ufunguliwe au ujazwe udongo. Vilevile matuta yasijengwe yakigusa ukuta wa nyumba. Iachwe nafasi ya angalau mita 1, kwani unyevu wa kudumu hudhoofisha msingi, hasa wa nyumba za tofali za udongo.

Maji ya bustani yasielekezwe kwenye kiwanja cha jirani, wala mtaro wa barabara usizibwe kwa udongo au magugu. Ugomvi mwingi wa majirani wakati wa mvua huanzia kwenye mfereji uliochimbwa bila mazungumzo. Ni vema walio juu na walio chini wakubaliane mapema njia ya maji, na pale wanaposhindwa kuafikiana, suala hilo lifikishwe kwa uongozi wa mtaa au kijiji.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa, mabwawa na fukwe za bahari. Wenye bustani za mabondeni wanapaswa kupima umbali huo kabla ya kujenga matuta, na kuuliza sheria ndogo za halmashauri yao kuhusu kilimo cha mijini. Udongo wa kujazia usichukuliwe kwenye dampo, kwa kuwa mabaki ya betri, rangi na kemikali hubaki udongoni na huweza kuingia kwenye mboga.

Kulitunza tuta

Tuta lililojengwa vizuri hudumu misimu mingi likitunzwa. Mambo manne yanatosha. Lisikanyagwe. Lifunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa takribani sentimita 5, yakiachwa mbali kidogo na mashina, ili kupunguza magugu na makali ya jua na kuvunja nguvu ya matone ya mvua. Likaguliwe kila baada ya mvua kubwa, na ufa mdogo uzibwe siku hiyohiyo kabla haujawa korongo. Mazao yabadilishwe: palipokuwa na nyanya msimu huu pasipandwe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo msimu unaofuata, kwa kuwa mazao hayo ni ya jamii moja na hushirikiana magonjwa. Mikunde kama kunde au maharage ifuate, kisha mboga za majani.

Wananchi wanashauriwa kufuatilia utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kuamua aina ya matuta, na kumwona Afisa Ugani wa kata au kijiji kwa ushauri unaolingana na udongo wa eneo lao. Anayekwenda kwa Afisa Ugani akiwa tayari amechimba shimo la majaribio na kuona mahali maji yanaposimama atapata ushauri wa uhakika zaidi kuliko anayekwenda na swali la jumla. Kazi hiyo ya upimaji haihitaji fedha. Inahitaji jembe, ndoo mbili tatu za maji, miti mitatu, kamba yenye jiwe, na siku moja ya kutazama kabla mvua ya kwanza haijaanguka.